Ushauri: kipimo cha hewa ofisini kinasoma 2,300 ppm alasiri, je ni kibovu?

Tulizo (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Nipo njia panda, naomba msaada wenu. Ofisini kwetu tumekaa zaidi ya watu ishirini chumba kimoja, madirisha hayafunguki, kuna viyoyozi viwili vya ukutani. Watu wanalalamika vichwa kuuma, macho kuwasha, usingizi. Nimekabidhiwa kipimo cha kaboni dioksaidi nifuatilie hewa. Saa moja asubuhi kinasoma 450 ppm (yaani sehemu 450 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa), saa tisa alasiri kinafika 2,300. Hiki kipimo ni kizima kweli? Kama ni kibovu, nitafute cha aina gani? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Mzee Kigoda:
Mwanangu, ofisi za zamani hazikuwa na vipimo na watu walifanya kazi mpaka wanastaafu. Mnakesha na simu hadi saa nane usiku, halafu mchana mnasingizia hewa. Laleni mapema, kunyweni maji.

Fundi Baridi:
Shikamoo mzee, ila hapa usingizi hauna kesi. Mkuu Tulizo, kipimo chako kinaelekea ni kizima. Hewa ya nje ina takriban 420 ppm, kwa hiyo 450 chumba kikiwa kitupu ndiyo namba tunayoitegemea. Watu wakiingia wanapumua, gesi inapanda. Na kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya! Kinavuta ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mnakaa kwenye baridi safi mkivuta pumzi za wenzenu.

Ukitaka kuhakikisha, kitoe nje kivulini kwa nusu saa, mbali na pumzi yako. Kikisoma karibu na 420, hakina tatizo. Angalia pia kama kinapima kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini vinavyokisia kutokana na mvuke wa kemikali hupanda hata mtu akijipulizia manukato. Kiweke usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na mlango na tundu la kiyoyozi, na kisiwe mbele ya uso wa mtu.

Mama Wawili:
Mimi yalinikuta ofisi ya kwanza niliyoajiriwa. Tulihamia jengo jipya, rangi mbichi, makabati ya mbao za gundi, zulia jipya. Machozi kutwa nzima, koo limekauka. Wakaleta kipimo kama chako, kikasema hewa safi. Kumbe tatizo lilikuwa formaldehidi, gesi inayowasha macho na koo, inayotoka kwenye gundi ya zile mbao, na kipimo kile hakiioni kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa dakika 30. Nilivyoacha kazi pale ni hadithi nyingine ndefu, nitaifungulia uzi.

Msomaji Kimya:
Nyongeza tu. Tangu 1858 mwanasayansi wa afya Max von Pettenkofer wa Munich, Ujerumani, alishapendekeza hewa ya ndani isizidi 1,000 ppm ya gesi hii. 2,300 si sumu yenyewe, kikomo cha kazini Marekani ni 5,000 kwa wastani wa saa nane. Ila inakwambia hewa haibadilishwi, na chochote kingine kilichomo kinabaki humohumo na kurundikana.

Jicho Pembe:
Mimi nina swali moja. Ijumaa kuna nini?

Tulizo:
Sikutaka tufike huko. Ijumaa anakuja mkaguzi, na mimi ndiye ninayesaini fomu ya vipimo. Meneja amesema niandike vya saa moja asubuhi. Jamani, si uongo: kipimo ni kilekile, chumba ni kilekile, namba ni za kweli, na fomu haiulizi saa. Nimeshaijaza kwa penseli. Nina watoto wanaosoma, na kazi zenyewe mnajua zilivyo.

Mama Wawili:
Kumbe! Hukuja kuuliza kama kipimo ni kibovu. Ulitaka tukwambie ni kibovu ili usaini roho ikiwa nyeupe. Hao wenzako wenye vichwa vinavyouma nao wana watoto.

Bwana Kopi:
Kwa hesabu hizo, na mimi nipimwe presha nikiwa nimelala fofofo, niandikiwe mzima wa afya 😂

Fundi Baridi:
Tuache utani kidogo, kuna kitu kinanisumbua. Vichwa vinauma kila siku au siku maalumu? Kuna injini yoyote karibu na jengo?

Tulizo:
Vinazidi siku umeme ukikatika. Jenereta iko uani, chini ya feni inayoingiza hewa ukumbini. Siku hizo mlango wetu tunauacha wazi, na wiki iliyopita dada mmoja alipata kizunguzungu akatapika. Lakini kipimo hakikupanda kuliko kawaida, ndiyo maana sikutaja.

Jicho Pembe:
Hii ni chai, wadau. Mwanzo chumba kimefungwa kila upande, sasa kuna mlango wazi na feni. Mwanzo kipimo kibovu, mara mkaguzi, mara jenereta. Kila akibanwa anaongeza sura mpya.

Bwana Kopi:
Nakazia. Chai ina tangawizi hii.

Tulizo:
Feni ni ya ukumbini, chumbani kwetu haipo, ndiyo maana sikuihesabu. Ningetaka kutunga ningetunga inayonipendezesha, si hii inayonivua nguo.

Fundi Baridi:
Iwe chai isiwe chai, naijibu kama ni kweli, maana ikiwa kweli mtu atakufa. Kipimo cha kaboni dioksaidi HAKIONI kaboni monoksaidi. Ni gesi mbili tofauti. Ya jenereta haina rangi wala harufu, na Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa nane usizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo, kama 9 ppm hivi. Dalili zake ndizo hizo: watu kadhaa kuumwa kichwa kwa pamoja, kizunguzungu, kutapika, na nafuu mkitoka nje. Jenereta isiwashwe tena pale. Isogezwe mbali na feni, na mnunue kipimo cha monoksaidi chenye kengele. Yule dada aende hospitali na aitaje jenereta kwa mdomo wake, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kusoma kawaida hata mtu akiwa na sumu hiyo.

Jicho Pembe:
Hapo nimenyoosha mikono. Tulizo, kipimo chako kinatunza kumbukumbu? Kama kinatunza, ambatisha ya kutwa nzima kwenye fomu. Ukibandika namba za saa zote hakuna wa kukuuliza kwa nini ulichagua moja.

Tulizo:
Kinatunza. Napakua usiku huu. Mlinzi nimeshampigia, jenereta haiwashwi mpaka isogezwe, na yule dada nimemwandikia aende kesho asubuhi. Kuhusu fomu nitaongea na meneja uso kwa uso kwanza, hapo msinisukume.

Mama Wawili:
Ongea naye ukiwa na karatasi za kutwa nzima mkononi, na nakala moja ibaki nyumbani.