Niliahidiwa kwa jina la Bwana, muda ukapita. Nitoe mbegu tena?

MamaWawili_Kayole
Shalom wapendwa. Mume wangu alipunguzwa kazini Industrial Area, sasa tunategemea banda langu la mitumba Gikomba. Kwenye kesha, mhubiri aliniita mbele akasema Bwana atampa kazi ndani ya miezi mitatu, akanisomea Yeremia 29:11. Nikatoa mbegu, yaani sadaka ya pesa ya kungojea baraka. Miezi imeisha, kazi hakuna. Sasa anasema imani yangu ni pungufu, nitoe tena. Pesa niliyobaki nayo ni karo ya kijana wa kidato cha nne. Naogopa kuzuia ahadi ya Mungu. Nisaidieni.

Nuru_Umoja
Pole sana dadangu. Lipa karo, tena kabla ya Jumapili.

Mtumishi_Githurai
Tusimzimishe imani. Mjane wa Sarepta alimpikia nabii Eliya unga wake wa mwisho na pipa halikupunguka.

MwalimuWaSundaySkul
Ndugu Mtumishi, unga ule uliongezeka nyumbani kwa mjane, akala yeye na jamaa yake. Eliya hakurudi kumdai mwingine.

Mama, mstari uliosomewa ni wa barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Rudi nyuma sura moja: nabii Hanania alitangaza Yerusalemu kwamba ni miaka miwili tu, watarudi. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia akasema miaka 70, akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Hanania alikufa mwaka uleule. Neno la Yeremia nalo likasimama: Ezra anafungua kitabu chake kwa kusema Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaachilia ili neno hilo litimie. Hakuna aliyelipia.

Kwa hiyo aliyekosea tarehe ni mhubiri. Mungu hajakudanganya, na huwezi kumzuia kwa kulipa karo. Kijana wako kumaliza shule ndiyo bustani yenyewe.

Nuru_Umoja
Amina. Mama, mzee wako ana ujuzi gani? Niandikie inboksi, kaka yangu ni fundi wa kuchomelea na huwa anatafuta watu.

MamaWawili_Kayole
Alikuwa kwenye mashine za kukata vyuma. Nakuandikia sasa hivi. Mwalimu, tumesoma sura zote mbili na mzee. Karo naituma kesho. Yeye anauliza, sisi ambao hatujapewa hesabu ya miaka tunaombaje?

MwalimuWaSundaySkul
Mwambie aanze na Zaburi ya 13. Daudi naye aliuliza, "hata lini?"