Mechi nane twafungwa bao moja moja, halafu mwatuambia ni bahati?

Asalaam aleikum jamani. Nimengoja siku tatu hasira zishuke ndipo niandike. Hazikushuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mimi ni mtunza vifaa wa timu ya kandanda ya chuo kimoja hapa Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Jina la chuo silitaji, wanaojua washajua. Silipwi. Kazi yangu ni jezi, koni, mipira minne (mmoja wavuja), mtungi wa maji, na daftari la miraba ninaloandika kila mechi: nani kaanza, nani katoka, bao limeingia dakika ya ngapi. Msimu umeisha Jumamosi. Mechi kumi na moja. Tumeshinda mbili, tumetoka sare moja, tumefungwa nane. Na zote nane ni kwa tofauti ya bao moja. 1-0, 2-1, 1-0, 3-2, mwaendelea wenyewe. Hakuna hata timu moja iliyotupiga mbili bila.

Jumatatu asubuhi napita nje ya afisi ya michezo, naona karatasi ubaoni: vijana walijituma, ila bahati haikuwa yetu.

Bahati! Wallahi niliisoma mara mbili. Mtu akikosa bahati mara moja, pole. Mara mbili, mwombee. Mara nane? Hebu njooni kwenye daftari. Katika yale mabao nane yaliyotumaliza, sita yaliingia dakika ya 77, 81, 84, 88, 89 na 90+3. Dakika za lala salama. Sisi kipindi cha kwanza twacheza na mtu yeyote wa ligi hii, na mechi tatu kati ya hizo tulitangulia kufunga sisi. Ikifika dakika ya 70 vijana waanza kugeuza shingo kutazama nje. Hawamtafuti kocha. Wanitafuta mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye maji.

Na tuyaongelee hayo maji. Ratiba yetu ilikuwa Januari mpaka Machi, kaskazi tupu, na mechi zaanza saa nane mchana. Saa ambayo hata paka wa Mji wa Kale wako chini ya mabaraza. Sheria ya 7 ya mchezo huu yatambua kusimamisha mpira watu wanywe maji, mradi kanuni za mashindano zimekubali na isizidi dakika moja. Marefa wengine wakubali, wengine wakutazama kama umemwomba mkopo. Haya, tuseme amekubali. Chuo kimenipa mtungi wa lita ishirini na kikombe kimoja. KIMOJA. Cha plastiki, cha manjano, nimekifunga kamba kwenye mkono wa mtungi kisipotee, maana cha kwanza kilipotea na afisi ikakataa kununua kingine mpaka niandike barua. Watu kumi na mmoja, kikombe kimoja, dakika moja. Kipa hakuwahi kunywa msimu mzima isipokuwa mapumziko, na hayo mapumziko nayo kocha ahutubia foleni. Kama si yule mama auzaye barafu za ukwaju pale kando ya uwanja, ambaye siku nyingine huwapa vijana kwa deni, sijui.

Chakula? Siku ya kwenda Malindi, kilomita kama 120, basi la chuo lilikuwa na safari nyingine. Tukakodishiwa matatu ya viti kumi na vinne, sisi tuko kumi na tisa na mipira. Tena matatu yenyewe ilitusubiri upande wa kisiwani, kwa sababu mtu kwa miguu havukishwi feri kwa pesa ila gari hulipiwa, na kuna bwana afisini aliona hapo ameokoa. Basi tukavuka na mabegi kichwani alfajiri, tukakaa kwenye msongamano wa Mtwapa mpaka magoti yakafa ganzi, tukafika saa saba na dakika arobaini. Mechi saa nane. Kwenye mfuko mlikuwa na mikate ya kukatwa mitatu na soda, chupa moja watu wawili. Kiungo wetu namba nane alikula vipande viwili akaniambia, "Bro, tumbo languruma nikikimbia, nalisikia." Tukafungwa 1-0. Dakika ya 84. Sasa niambieni hilo bao ni la straika wao au ni la yule bwana wa feri.

Na kila muhula twalipa ada ya michezo, shilingi mia tano kila mwanafunzi, imeandikwa kwenye risiti, mtu hawezi kukaa mtihani bila kuilipa. Hilo nitalirudia chini.

Kuna mwalimu mmoja, mtu mzima namheshimu, alisomea Marekani. Alinikuta nakunja jezi akaniambia nisiumie, haya hutokea hata kwa wakubwa, niangalie timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 2021. Huo ni mpira wao wa kubeba mkononi, wa vyuo, ambao kule hujaza uwanja kuliko ligi zetu zote. Nikaenda nikasoma. Ni kweli: walishinda 3 wakapoteza 9, na zote tisa kwa pointi 9 au chini ya hapo, ambayo kwa mchezo wao ni tofauti ndogo. Ohio State 26-17, Michigan 32-29, Iowa 28-21, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tena ukijumlisha msimu mzima walifunga pointi nyingi kuliko walizofungwa! Hapo kwanza nikafarijika, nikasema kumbe tuna ndugu.

Lakini mwalimu wangu hakunimalizia kisa. Kule hakuna aliyebandika karatasi ya bahati akaenda zake kunywa chai. Mwezi wa Novemba huo huo waliwafuta kazi wasaidizi wanne wa upande wa mashambulizi, na kocha mwenyewe, Scott Frost, akakatwa mshahara kutoka dola milioni 5 hadi 4. Mwaka uliofuata, Septemba 2022, akafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42. Pointi tatu tena! Kesho yake wakamfuta. Mimi sisemi kocha wetu afutwe, na nitasema kwa nini. Nasema mfano mliouleta kunituliza ndio unaowashtaki. Wenzetu waliona wanafungwa za karibu karibu kila mara wakasema kuna kitu kibovu, tukitafute.

Au tuache ya mbali. Agosti 2025 si sote tulikuwa mbele ya runinga na CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani? Harambee Stars, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Benni McCarthy: Kongo ya Kinshasa bao moja bila, Angola sare 1-1, Moroko bao moja bila, Zambia bao moja bila. Mechi za kukaba roho zote. Na ile ya Moroko kipindi cha pili chote walicheza watu kumi, dhidi ya timu iliyokuja kubeba kombe lenyewe, na bao la straika wetu Ryan Ogam halikurudi. Dakika ya 80 vijana bado wakimbia! Walikuwa wamekaa kambini, wamelala, wamekula, misuli imekandwa, na juu yake Rais kawaahidi shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila ushindi. Halafu Madagaska wakatutoa kwa penalti, na hizo penalti nawapa, ziiteni bahati mkitaka. Sisi hatutaki milioni. Twataka wali.

Najua watakuja watu hapa waseme kocha. Kocha wetu ni mkufunzi wa kawaida anayefundisha darasani mpaka saa sita, kipenga alinunua kwa pesa zake, na mara mbili nimemwona akilipa nauli ya kijana anayekaa Mishomoroni asikose mazoezi. Mazoezi yenyewe ni mara mbili kwa wiki, kwenye kiwanja tunachogawana na watu wa kujifunza kuendesha gari. Si utani. Winga wetu amejifunza kumpiga chenga tuktuk.

Na wachezaji si malaika. Nahodha alikosa penalti ya wazi kwa kutaka kupiga ile ya kudokoa aliyoiona kwenye simu, kipa kasimama tu akaidaka kama embe. Beki wa kushoto alikuja mechi moja hajalala, katoka arusini. Hayo yamo daftarini pia, sikumficha mtu. Lakini hayo ni mabao mawili. Niambieni sita yaliyobaki.

Sasa Jumamosi. Hii ndiyo iliyonitoa mimi machozi, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nyumbani, mechi ya mwisho, 1-1. Dakika ya 87 beki wetu wa kati aanguka, misuli ya paja na ya shavu la mguu imekaza yote pamoja, alia kama mtoto. Twambeba nje. Benchi lina watu wawili: kipa wa akiba, na kijana wa mwaka wa kwanza ambaye ni beki mzuri tu, amekaa tangu saa nane na sandali. Sandali kwa nini? Kwa sababu njumu zake ndizo alizovaa yule aliyeanguka. Za beki zilipasuka Januari, tuliandika barua ya kuomba jozi sita, jibu twalingoja mpaka leo. Basi mimi na huyo kijana tuko chini kando ya mstari, twamvua mwenzetu njumu akiwa amekakamaa. Mguu ukikaza vile kiatu hakitoki, vidole vimejikunja ndani kama ndoana. Kamba zimelowa jasho, fundo limekuwa jiwe, nikaling'ata kwa meno. Ya kulia ikatoka. Refa hawezi kutungoja, mpira waendelea, sisi tuko kumi uwanjani na pale katikati ambapo beki angesimama hakuna mtu. Ikapigwa kona. Mimi sikuiona. Nilikuwa na fundo la pili mdomoni. Nilisikia kelele tu, nikajua ni za wale.

Dakika ya 89. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono ulionuka kiatu.

Hiyo ndiyo bahati iliyobandikwa ubaoni Jumatatu.

Ninachotaka si kikubwa. Ile ada ya mia tano, watutolee hesabu yake ukutani, pale pale walipobandika bahati: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imenunua nini. Nimeuliza afisini kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza naambiwa mhusika yuko likizo, mara ya pili naambiwa mimi ni nani. Kesho naenda na barua, na nahodha, na risiti za wachezaji kumi na wanane. Na nyinyi mlio vyuo vingine hapa Pwani, hasa mliotufunga, nambieni bila aibu: siku ya mechi mwala nini, na nani hulipa? Nataka niandike kwenye hiyo barua.

Njumu ziko chumbani kwangu. Nimeziosha Jumapili, ya kushoto imeachia soli upande mmoja, na yule wa mwaka wa kwanza hajaja kuzichukua wala kuniuliza.