Mama anaenda New York peke yake: apande ya moja kwa moja au apitie Dubai?

Mwana_Likoni: Habarini ndugu zangu. Mama ana miaka 68, ana presha, na lugha yake ni Kiswahili tu. Januari anaenda New York kwa dada yangu aliyejifungua. Wakala ametupa njia mbili. Kuna Kenya Airways ya moja kwa moja: inatoka Nairobi saa tano na nusu usiku, inafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyingine inapitia Dubai, bei nafuu kidogo. Hiyo ya kwanza nikihesabu napata masaa saba tu. Inawezekanaje? Na mtu wa umri wake ataweza safari hiyo?

Msafiri_wa_Kale: Mpe mama shikamoo zangu. Si masaa 7, ni 15. Tiketi huandika saa za mji husika, na Januari New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Kurudi huwa kufupi, maana kule juu upepo huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

BintiKisauni: Dubai hapana, tafadhali. Atapaa masaa kama matano kuelekea kaskazini mashariki ilhali New York iko magharibi! Akitoka hapo anaanza masaa mengine 14, karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja, na bado hujahesabu kungoja.

Mzee_Kibokoni: Mkitaka apumzishe miguu, bora Amsterdam, iko karibu na njia: masaa manane na nusu, kisha manane. Kilomita haziongezeki hata elfu. Ila awe na mwenzake. Geti likibadilishwa, mama wa Kiswahili tu atamuuliza nani?

Muuguzi_Pwani: Mimi nawahudumia wazee kila siku, kwa hiyo nisikilizeni. Kukaa muda mrefu bila kusogea huweza kugandisha damu miguuni. Ainuke atembee kila baada ya saa moja au mbili, anywe maji. Soksi za kubana avae daktari akikubali. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie kwenye sanduku, na daktari ampangie saa za kumeza maana majira yanabadilika. Ombeni kiti cha magurudumu mapema, hakilipiwi. Msaidizi atamfikisha mpaka uhamiaji.

Mwana_Likoni: Mungu awabariki. Apande treni ya SGR ya asubuhi kutoka Mombasa, usiku aruke?

Msafiri_wa_Kale: Anawahi, na kituo cha Syokimau kiko karibu na uwanja kuliko mjini. Lakini treni masaa kama sita, kisha kungoja, kisha 15 angani? Msimchoshe. Afike siku moja kabla, alale.

Mwana_Likoni: Basi atalala kwa mamangu mdogo, Embakasi. Tunakata ya moja kwa moja. Siti ya kando ya njia tunaomba kwa wakala au uwanjani?

Muuguzi_Pwani: Kwa wakala, siku hiyohiyo mnayolipa. Na iwe karibu na choo.