Mashine ya boti haichaji betri, naomba ushauri

Salaam mafundi. Navusha abiria Mokowe hadi Lamu, na mashine ya boti imeacha kuchaji. Betri ni mpya: mashine ikiwa imezimwa, mita inasoma volti 12.6. Nikiiwasha, hata niongeze mafuta, volti inazidi kushuka badala ya kupanda hadi 13.8 au zaidi. Vichwa vya betri nimevisugua, fyuzi ni nzima. Nyaya tatu za koili za kuzalisha umeme, zilizo chini ya flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na mashine), nimezipima, kila jozi inatoa umeme sawasawa. Ila plagi ya kuungia nyaya za rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa koili ufae kuchaji betri, imeota kutu ya kijani, na ganda la waya mmoja limeyeyuka. Je, ninunue rektifaya moja kwa moja, au kwanza nikate plagi hiyo niunge upya? Asubuhi nabeba watoto wa shule, naogopa mashine igome kuwaka katikati ya mkondo.