USHAURI: Picha ya mwanafunzi wangu, nikiikata juu itaharibika?

Ticha wa Klabu
Wadau, habari za jioni. Niko Kigoma, nafundisha sekondari ya kutwa. Mwaka huu nimeanzisha klabu ya picha: wanafunzi 26, kidato cha pili na cha tatu, kamera moja tu, tena yangu. Wenzangu wanaona nacheza, ila watoto wamefika mbali. Kanuni ya theluthi (gawa picha mafungu matatu, kitu muhimu kiweke kwenye mstari wa theluthi, si katikati) wanayo kichwani. Mistari ya kuongoza jicho nimewafundishia relini pale stesheni, wakaelewa siku hiyohiyo.

Mahafali ni wiki ijayo. Mkuu wa shule anataka picha moja ichapwe kubwa itundikwe ukumbini, na imechaguliwa ya binti wa kidato cha tatu. Alfajiri ziwani, jua linachomoza, mitumbwi miwili ya dagaa kwenye theluthi ya chini, nyeusi tii, maji kama shaba. Nikikata karibu nusu ya juu, mpangilio hautavurugika? Nisaidieni haraka, silali.

Fundi Mkanda
Ticha, hesabu inakukubalia. Kilichokuwa theluthi ya chini, ukiondoa nusu ya juu, kinapanda kinakaa theluthi ya juu. Picha inasimama, ila hadithi inabadilika, jicho linaanza kuangalia maji badala ya anga.

Mimi nilijifunzia studio kwa mjomba, mtaa wa Mwanga hapohapo Kigoma, enzi za mkanda wa picha 36. Ukikosea moja umekula hasara, kwa hiyo jicho lilikata kabla kidole hakijabonyeza. Mjomba alikuwa ananipiga makwenzi kwa kila kichwa cha bibi harusi nilichokikata. Hao 26 wape maboksi ya sabuni, watoboe dirisha la mstatili, watembee nalo wiki nzima bila kamera. Likiwa karibu na jicho wanaona pana, wakinyoosha mkono wanaona finyu. Umeshawafundisha lenzi kwa bei ya boksi.

Mzazi Mwenzenu
Hisabati wanapata ngapi hao wapiga picha?

Chaupele
Mzazi, theluthi si hisabati? 😂

Sheria Kidogo
Angalieni pia ridhaa. Kama kuna mvuvi anatambulika sura, muulizeni kabla ya kumtundika ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Na aliyepiga ni mtoto, picha ni yake. Hiyo kukata umemuuliza mwenyewe?

Ticha wa Klabu
Sura hazionekani, ni vivuli tu. Binti hajui kama nataka kukata. Nitamwambia.

Mgebuka
Ngoja kwanza. Picha ya jua linachomoza, halafu unakata jua? Huko juu kuna nini?

Ticha wa Klabu
Vitu vya kuvuruga jicho tu. Vilima, nyumba za watu, mabati.

Mgebuka
Wakuu, hii chai. Mimi kwetu Kibirizi, Kigoma hiyohiyo. Ziwa letu liko magharibi. Jua linazama ziwani upande wa Kongo, asubuhi linatokea vilimani, mgongoni mwa mtu anayetazama maji. Ukisimama mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, alfajiri, mitumbwi inapigwa mwanga usoni, unasoma hadi majina yaliyoandikwa ubavuni. Nyeusi tii imetoka wapi? Na vilima vimeingiaje nyuma ya mitumbwi? Huyu yuko Bukoba, kule ziwa liko mashariki, anatuchezea.

Chaupele
Chai ya rangi au ya maziwa?

Fundi Mkanda
Nimeaibika. Mtu wa studio mzima nimepitwa na hilo.

Ticha wa Klabu
Si chai. Nipo Kigoma na picha ipo. Hatukusimama mwaloni.

Mgebuka
Mlisimama wapi?

Ticha wa Klabu
(baada ya saa mbili) Tulikuwa majini. Shemeji yangu ana mtumbwi. Niliwachukua wanafunzi sita tu, waliofanya vizuri, tukasogea kidogo kungoja wavuvi waliolala ziwani warudi. Karatasi niliyowapelekea wazazi iliandikwa "ziara ya mwalo". Mkuu wa shule naye anajua mwalo. Hali ilikuwa shwari kabisa, hatukufika hata mita mia mbili, na jaketi okozi zilikuwepo.

Mama Dagaa
Ngapi?

Ticha wa Klabu
Mbili.

Mama Dagaa
Watoto sita, jaketi mbili. Mwanangu, Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400. Upepo wake haupigi hodi, na mimi ziwa hilo limenichukulia kaka. Watu wanabishana theluthi hapa! Nenda kwa mkuu wa shule kesho asubuhi, na kwa wazazi wote sita, mmojammoja, kwa miguu yako.

Ticha wa Klabu
Shikamoo mama. Nimekuelewa, ila mnanihukumu bila kuangalia somo. Hawa watoto kila asubuhi wanaona mwanga wa mbele tu. Kivuli dhidi ya mwanga ningewafundishia wapi?

Mgebuka
Ufukweni, saa moja kasoro jioni, jua linapozama. Kila siku lipo, bure, nchi kavu.

Ticha wa Klabu
Jioni mabinti wanatakiwa nyumbani. Halafu printa nimeshalipa nusu, vipimo nimempa bila vilima. Mahafali yakipita nitaongea na mkuu wa shule taratibu.

Fundi Mkanda
Hapo sasa ndiyo nimeelewa kwa nini hulali. Sikuungi mkono, ila kiufundi: ukitoa vilima, hakuna wa kujua kama ni asubuhi. Unaandika chini "Machweo, Kigoma", imeisha.

Mzazi Mwenzenu
Mnamfundisha mwalimu uongo. Wanangu wako Kigoma hapo, sasa namuuliza mmoja mmoja.

Mgebuka
Fundi, wewe ni mtu wa harusi, dagaa huwajui. Ticha, kwenye hiyo mitumbwi kuna nini ndani?

Ticha wa Klabu
Dagaa.

Mgebuka
Kiasi gani?

Ticha wa Klabu
Imejaa. Mmoja umezama hadi karibu na ukingo.

Mgebuka
Jioni mitumbwi inaondoka mitupu, ina taa na nyavu tu. Dagaa wanarudi asubuhi. Ukumbi mzima wa mahafali ni wazazi wa Kigoma. Andika machweo uone mstari wa mbele watakavyocheka, halafu watakavyonyamaza.

Ticha wa Klabu
Nikikata na chini je, kuanzia ukingo wa mtumbwi?

Fundi Mkanda
Unabaki na ukanda mwembamba kama rula. Na uzito wote wa ile picha uko kwenye mtumbwi unaotaka kuzama.

Ticha wa Klabu
Ndicho alichokiona binti. Mimi nilikuwa nimeshika makasia, sikuuona.

Chaupele
Samahani kutoka nje ya mada, ndoo ya dagaa Kibirizi imefika bei gani?