Bekapu ya tovuti: ya hosti, Google Drive au diski ya nyumbani?

Mwambao_Safari: Assalam aleikum wadau. Hosti wangu (kampuni inayoiweka tovuti yangu kwenye seva zake) ataka nilipie bekapu ya kila siku kabla ya mwisho wa mwezi. Tovuti yaniingizia pesa za matangazo na buking za mashua. Naona njia tatu: nilipie hiyo, nitumie plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti) ipeleke nakala Google Drive, au ninunue diski niiweke nyumbani Tudor, Mombasa. Ipi bora?

SevaMkuu: Bora kwa lipi? Hujasema ni WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) au la, ina GB ngapi, wala buking zaingia mara ngapi. Kama ni makala tu, bekapu ya wiki yatosha. Buking zikiingia kutwa, basi bekapu ya usiku haisaidii ikiharibika saa kumi jioni: za siku nzima zimekwenda.

Mwambao_Safari: WordPress. Ukubwa sijatazama.

BintiKuze: Google Drive, usisumbuke. GB 15 ni za bure, ila Gmail na picha zako zakula humo humo, kwa hivyo fungua akaunti ya kando. Weka UpdraftPlus, plagini ya bekapu: databesi kila siku, faili kila wiki. Toleo la bure halichukui wp-config.php wala faili za msingi za WordPress. Za msingi utazipakua upya. Hiyo wp-config inakili kwa mkono, ndiyo faili yenye nenosiri la databesi.

SevaMkuu: Dada, ufunguo wa hiyo Drive wakaa ndani ya tovuti yenyewe. Akiingia mtu kama msimamizi, afuta nakala zote papo hapo kwenye dashibodi. Lazima nyingine uivute mwenyewe, ikae mahali ambapo tovuti haifiki.

FundiKizingo: Na ya hosti usiitegemee peke yake. Machi 10, 2021 jengo la seva la kampuni ya hosti OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, na la jirani likaungua sehemu. Kuna waliokuwa wamelipia bekapu, kumbe nakala zimekaa uwanja ule ule na seva. Tovuti na nakala yake zikaenda kwa moto mmoja. Wengine hawakuwa na bekapu kabisa, walidhani kuwa hosti ndiye anayeshughulika. Mwaka 2023 mahakama ya Lille ikaamuru OVH imlipe mteja mmoja fidia, lakini fidia hairudishi databesi. Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize hosti maswali mawili: nakala zakaa mji gani, na zahifadhiwa siku ngapi? Akisema siku saba, jua programu hasidi huweza kujificha wiki kadhaa, na nakala zote saba zikawa tayari zimeambukizwa. Bakisha nakala 7 za kila siku, 4 za kila wiki, 3 za kila mwezi.

Tononoka_Net: Nyote mwaongelea moto. Tovuti ya matangazo mwizi haibomoi. Hubadilisha namba ya pub- (namba ya akaunti yako ya matangazo ya Google) kwenye msimbo wa tangazo na kwenye ads.txt, faili inayotaja nani aruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako, ukurasa waonekana sawa, pesa zaenda kwake. Linganisha namba hiyo na ya akaunti yako kila wiki. Futa plagini zilizoibiwa, zile za kulipiwa zinazogawiwa bure. Nyingi zaja na mlango wa nyuma. Na hatua ya pili ya kuingia iwe ya programu ya simu, si SMS. Laini ikibadilishwa na matapeli, SMS zaenda kwao.

BintiKuze: Buking zina majina na simu za watu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 yataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 data ikivuja na kukiwa na hatari ya madhara kwa wenyewe. Diski ikiibiwa Tudor bila kufungwa kwa nenosiri, huo ni uvujaji.

Mwambao_Safari: Basi diski ninunue ipi, HDD (ya kisahani kinachozunguka) au SSD (ya chipu)? Unyevu wa huku nao?

FundiKizingo: HDD. SSD ikikaa miaka bila umeme huweza kupoteza data.

Tononoka_Net: Miaka, yakhe! Huyu ataichomeka kila mwezi. SSD haina kinachozunguka, ikianguka haivunjiki kirahisi. Iweke kwenye kopo linalofungika, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu.

FundiKizingo: HDD ikiharibika huashiria mapema, hukwaruza. SSD hunyamaza ghafla.

SevaMkuu: Iwe yoyote, ichomoe ukimaliza. Na ujaribu kurejesha nakala kwa XAMPP, programu ya kuendesha tovuti kwenye kompyuta yako. phpMyAdmin, ukurasa wake wa kuingizia databesi, ikikataa faili kwa ukubwa, pandisha mipaka ya upload_max_filesize na post_max_size kwenye faili ya php.ini. Bado hujasema ni GB ngapi.

Tononoka_Net: HDD huashiria? Hiyo ikiwa ina bahati.