Mrejesho: yule nyoka wa kijani wa mdogo wangu

Assalaam alaykum. Niliuliza kama nimruhusu mdogo wangu kununua nyoka mwembamba wa kijani aliyekamatwa juu ya mwembe huku Unguja kusini. Muuzaji alisema ni ukukwi, hana madhara. Wengi mlinambia asiguswe mpaka atazamwe na mjuzi. Ahsanteni sana.

Tulimwita mzee anayewafahamu nyoka. Alimtazama ndani ya dumu, hata kifuniko hakufungua. Kijani kimoja mwili mzima bila doa, kichwa kirefu chembamba, macho si makubwa. Ukukwi ana macho makubwa ukilinganisha na kichwa chake. Huyu alikuwa mamba wa kijani, yule nyoka mwenye sumu inayoshambulia neva na inayoweza kuua. Watoto wa jirani walikuwa wanalitikisa lile dumu! Bado mwili unanisisimka nikikumbuka. Muuzaji mwenyewe alishtuka, akakubali mzee akamwachie msituni, mbali na nyumba.

Mdogo wangu sasa anamtaka chatu wa kijani wa mitini, asiye na sumu. Nimemweleza: asili yake New Guinea na kaskazini mwa Australia, yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini), kwa hiyo kumsafirisha nchi hadi nchi kunataka kibali. Anahitaji pia tundu lenye fito za kulalia na hewa ya unyevu. Bila karatasi halali, sitoi hata shilingi.